Sekunde 5.51: Rekodi Iliyoaminiwa kwa Miaka 35

Kisa ninachowaletea leo hakikutokea hapa Meru. Kilitokea Marekani, kwenye gemu ya televisheni ambayo wengi wetu hatujawahi kuigusa. Nimekichagua hata hivyo, kwa sababu kosa lililomo ndani yake halihitaji umeme wala televisheni. Mtu anaweza kulifanya hapa hapa Nkoaranga akiwa amekaa kwenye benchi la kanisa, na wanaolifanya mara nyingi ni watu wema.

Mwaka 1980 kampuni ya Activision ilitoa gemu iitwayo Dragster, iliyotungwa na David Crane kwa ajili ya mashine ya nyumbani ya Atari 2600. Ni gemu ndogo sana. Kuna gari refu jembamba, kuna barabara iliyonyooka, na kuna saa. Mchezaji anapiga resi, anabadilisha gia kutoka ya kwanza hadi ya nne, anafika mwisho. Basi. Ukiingiza gia kabla hesabu ya kuanzia haijafika sifuri, umejitoa mwenyewe. Ukizidisha resi, injini inakufa. Mbio nzima inakwisha kabla hujamaliza kumwamkia mzee mmoja wa Kimeru.

Activision iliwaahidi wachezaji kwamba atakayemaliza chini ya sekunde 6 apige picha kioo cha televisheni yake na kuituma kwa posta, naye atatumiwa beji ya kitambaa ya kushona kwenye nguo na kuhesabiwa kwenye klabu ya madereva bora. Vijana wakakesha. Mwaka 1982 kijana mmoja, Todd Rogers, akatajwa kuwa amemaliza kwa sekunde 5.51.

Hakuna mwingine aliyefika hapo. Miaka ikapita, watoto waliocheza gemu ile wakazaa watoto wao, na 5.51 ikabaki palepale. Twin Galaxies, taasisi iliyokuwa ikitunza rekodi za gemu, ikaiweka kwenye orodha yake. Guinness World Records nao wakaitambua kuwa rekodi ya gemu za video iliyodumu kuliko zote. Ukiuliza nani bingwa wa Dragster, jibu lilikuwa moja na halikuwa na mjadala.

Tarehe 29 Januari 2018 Twin Galaxies waliifuta. Hawakuifuta hiyo peke yake. Walifuta rekodi zote za Rogers na kumzuia kushindana tena chini yao. Guinness nao wakaliondoa jina lake. Sasa swali linalonisumbua, na ambalo nataka tulitafakari pamoja, ni hili: watu wenye akili timamu, waliopenda gemu hizi kuliko kitu kingine chochote, waliwezaje kukaa na namba hiyo miaka 35 bila mtu kuishika na kuigeuza upande wa pili?

Kwanza tuwatendee haki. Twin Galaxies haikuanza kama mahakama. Ilikuwa ukumbi wa mashine za gemu za kutumbukiza sarafu, uliofunguliwa na Walter Day mjini Ottumwa, jimbo la Iowa, mwaka 1981. Day alikuwa amezunguka kumbi nyingi za Marekani akiandika pointi za juu kabisa alizozikuta kwenye kila mashine. Februari 1982 akaanzisha ubao wa pointi wa taifa zima, na kumbi zikawa zinapiga simu kuripoti mabingwa wao. Ilikuwa kazi ya mapenzi, na iliwapa vijana wengi waliokuwa wakionekana wazururaji mahali pa kuheshimiwa. Ningekuwa kijana Iowa mwaka ule, ningepiga simu na mimi, na ningemwamini kila aliyepiga.

Ila simu haioni. Na picha ya kioo cha televisheni, hata ikiwa ya kweli, haionyeshi mbio; inaonyesha namba iliyobaki mbio zikiisha.

Dalili ya kwanza ilikuwa imevaa nguo ya sifa. Ilisimuliwa kwa miaka kwamba Activision wenyewe waliwahi kupima kwa kompyuta muda bora unaowezekana kwenye Dragster, wakapata 5.54. Rogers alikuwa na 5.51. Mtu anayekagua angesikia hapo kengele ikilia: kama waliotengeneza gemu wanasema mwisho ni 5.54, basi ama hesabu yao ina kasoro, ama hii 5.51 ina kasoro. Hakukuwa na njia ya tatu. Lakini waliosimulia hawakuisikia kengele. Walisimulia kwa fahari: mwanadamu amewashinda hata watengenezaji! Habari iliyopaswa kuwafanya wasimame ndiyo iliyowafanya wapige makofi. Ninaogopa sana hali hii, kwa sababu naijua. Tukishampenda mtu, hata ushahidi dhidi yake tunaugeuza kuwa sifa yake.

Dalili ya pili ilikuwa upweke wa namba yenyewe. Hapa nitawapeleka kwenye jambo tunalolijua zaidi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, alikimbia mita 1,500 kwa 3:32.2 na kuvunja rekodi ya dunia. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho mbele ya uwanja uliojaa. Wazee bado wanaisimulia mbio ile, lakini mara nyingi wanamsahau aliyekuwa nyuma yake. John Walker wa New Zealand alimaliza kwa 3:32.5, naye pia alikuwa chini ya rekodi ya zamani iliyokuwa 3:33.1. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya, sehemu ndogo ya sekunde nje ya rekodi hiyo. Rekodi ya Bayi ilikuwa na majirani siku ile ile. Ukiitilia shaka, unaweza kuwauliza watu waliokuwa wakihema mgongoni kwake.

Zitazameni sasa baadhi ya rekodi za Rogers. Kwenye gemu ya Centipede alikuwa ameandikiwa pointi milioni 65, wakati aliyemfuata kwenye orodha hiyo hiyo alikuwa na elfu 58 na kidogo. Pengo la namna hiyo halionyeshi ubingwa. Linaonyesha kwamba aliyeandika hakusoma alichokiandika. Kwenye gemu nyingine, Barnstorming, mchezaji anarusha kindege akipita ndani ya maghala huku akikwepa mabata bukini na vinu vya upepo. Rogers alikuwa na sekunde 32.04. Wadadisi baadaye waliifanyia gemu ile ujanja: wakaondoa vikwazo vyote, anga ikabaki tupu, ndege ikapaa moja kwa moja bila kukwepa chochote. Ikatumia sekunde 32.74. Yaani ndege isiyokutana na kitu ilikuwa nyuma ya Rogers aliyekuwa akikwepa mabata. Orodha hiyo haikufichwa kabatini. Ilikuwa wazi, mtu yeyote angeweza kuisoma, na wengi waliisoma.

Ukishuka kutoka huku kwetu hadi Usa River utakuta vijana kwenye vibanda vya gemu, pedi mkononi, wakitambiana. Mmoja akisema jana alimfunga mwenzake saba bila, kabla hajameza mate utasikia sauti kutoka nyuma: "Nani aliona?" Kama hakuna aliyeona, maneno yanaishia hapo na wanacheza upya. Watoto wale hawana kamati wala cheti, lakini swali lao lingetosha kumaliza jambo la 5.51 mwaka ule ule wa 1982.

Halikuulizwa hivyo, au tuseme liliulizwa kwa watu wasiohusika. Walikuwepo waliohoji. Jibu walilopewa ni kwamba jambo lile lilikwisha thibitishwa zamani. Na nani? Hapo ndipo pa kukaa kidogo. Guinness waliwategemea Twin Galaxies. Twin Galaxies waliwategemea Activision. Activision, huko mwanzoni, walitegemea picha iliyotumwa kwa posta. Na ulipofika wakati wa kuitafuta picha, haikupatikana. Kila ofisi ilikuwa na muhuri, na kila muhuri ulikuwa umegongwa kwa sababu ya muhuri wa ofisi iliyotangulia. Mtu wa kawaida akiona majina makubwa matatu yamekubaliana, anadhani jambo limekaguliwa mara tatu. Kumbe halikukaguliwa hata mara moja.

Aliyekuja kulikagua ni Eric Koziel, mtu ambaye kazi yake ya kujipendea ni kuchunguza namna gemu zinavyoweza kumalizwa kwa kasi. Mwaka 2017 hakumtukana mtu na hakumwita mtu mwongo. Aliifungua programu ya Dragster yenyewe, akaihamisha hesabu yake yote kwenye jedwali la kompyuta, kisha akaanza kujaribu. Akagundua kwamba saa ya gemu ile haiendi kwa mfululizo. Inaruka kwa hatua, kila hatua karibu sehemu tatu za mia za sekunde. Kutoka 5.57 hatua inayofuata kwenda chini ni 5.54, kisha 5.51. Akajaribu kila mpangilio wa resi na gia aliouona una maana. Rogers alikuwa ameeleza kwamba siri yake ilikuwa kuondoka na gia ya pili. Koziel akaipima na hiyo, haikusaidia. Mwisho wa yote, kwa mchezo usio na kosa hata moja, alipata 5.57. Hatua mbili pungufu. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini ndani ya gemu ile hakuna mlango wa kuuingilia.

Rogers alisema hakubaliani na uamuzi wa kumfuta, na ameshikilia kuwa hakudanganya. Mimi sitaingia moyoni mwa mtu. Nawaza tu, na ni mawazo yangu, kwamba picha ya kamera ya miaka ile, iliyopigwa kwenye kioo kinachong'aa, inaweza kuifanya 7 ionekane kama 1. Ikiwa ndivyo, fikirieni huruma ya jambo hili: kijana mwenye 5.57, muda bora kabisa unaowezekana, kilele halisi cha gemu ile, akapewa namba isiyo yake na kuilinda maisha yake yote, hadi siku iliyomwangusha pamoja na kila kitu alichokuwa nacho. Kama siku ile ya kwanza kungekuwa na mtu mmoja wa kumwambia "cheza tena tukuone", angekuwa leo mzee wa kuheshimiwa. Na kama alidanganya, swali hilo hilo lingemwokoa na miaka 35 ya kuishi ndani ya uongo. Kwa vyovyote vile, aliyeumia zaidi kwa kutokukaguliwa ni yeye.

Kisa hiki kina ndugu yake, na ndugu huyo ana dalili nyingine inayofaa kutajwa. Ni gemu ya Donkey Kong, ile ya sokwe anayerusha mapipa. Bingwa wake wa siku nyingi alikuwa Billy Mitchell wa Florida, mwenye biashara ya mgahawa na pilipili ya chupa, mtu mashuhuri aliyekuwa na Twin Galaxies tangu ujana wake. Mwaka 1999 alitambuliwa kuwa wa kwanza kupata pointi zote za Pac-Man, 3,333,360. Aliyekuja kumpinga kwenye Donkey Kong ni Steve Wiebe wa jimbo la Washington, aliyefanyia mazoezi kwenye gereji ya nyumbani kwake.

Filamu ya mwaka 2007, The King of Kong, inasimulia walivyopimwa hawa wawili. Filamu hukatwa na kuungwa, na wapo waliolalamika kwamba hii ilikuza mambo, kwa hiyo tuichukue kwa kiasi. Lakini kiini chake ni hiki. Wiebe alituma mkanda wa video wenye zaidi ya pointi milioni moja. Ukakataliwa: mashine yake ilitiliwa shaka, akaambiwa aje acheze mbele ya watu. Akaenda, mwaka 2005, kwenye ukumbi wa Funspot huko New Hampshire, akakaa kwenye kiti, watu wakisimama nyuma yake, akapata 985,600. Katika siku hizo hizo ukaletwa mkanda wa Mitchell, ambaye mwenyewe hakuwepo, ukionyesha 1,047,200. Ukapokelewa.

Someni tena polepole. Mgeni alitakiwa aje mwenyewe. Mwenyeji alituma mkanda. Hapo hatuhitaji kujua kama mkanda ulikuwa halali; mizani yenyewe ilikuwa tayari miwili. Na waliokuwa wakipima hawakuwa wala rushwa. Walikuwa marafiki wa mtu, waliomfahamu kwa miaka mingi, walioona aibu kumwambia aje kama wengine. Mimi ningeona aibu hiyo hiyo. Ni nani kati yetu amewahi kumwambia mzee wa usharika, "Mzee, samahani, tunaomba tuhakikishe"?

Mkanda ule ulikaa zaidi ya miaka 12 ukiwa na kila kitu ndani yake. Februari 2018 mchezaji mwingine wa Donkey Kong, Jeremy Young, aliwasilisha pingamizi. Alichokiangalia hakikuwa pointi. Alitazama namna hatua mpya inavyojitokeza kwenye kioo, kitambo kifupi ambacho mtazamaji wa kawaida hata hakioni. Mashine halisi ya ukumbini huifunua picha kwa namna yake, ikitandaza boriti za chuma kwa kutelezesha. Kwenye mkanda, picha ilijitokeza kwa vipande, na palikuwa na kipande cha boriti kilichochomoza pembeni ambacho wachezaji walikipa jina la kidole. Kilifanana na kinachoonekana gemu ile inapochezwa kwa programu ya kompyuta iitwayo MAME.

Aprili 12, 2018, Twin Galaxies walitoa uamuzi: pointi 1,047,200, pamoja na nyingine zake 1,050,200, hazikutoka kwenye mashine halisi isiyobadilishwa, na rekodi zote za Mitchell zikaondolewa. Wiebe akatambuliwa kuwa wa kwanza kuvuka milioni. Naomba mwangalie walivyojizuia. Hawakusema kwamba wana uhakika ilikuwa MAME. Walisema tu picha zile hazikutoka kwenye mashine halisi, kwa sababu hicho ndicho walichoweza kukithibitisha. Mitchell alikana na anaendelea kukana. Guinness, waliokuwa wamemfuta, walimrudisha mwaka 2020. Kesi yake dhidi ya Twin Galaxies ilimalizwa kwa makubaliano Januari 2024, na rekodi zake zikawekwa kwenye kumbukumbu za kihistoria, nje ya orodha ya mashindano.

Nawaomba msiishie hapo, kwa maana funzo la pili la kisa hiki linawahusu wale wanaojiona upande wa haki. Baada ya 2018 kumsema Mitchell lilikuwa jambo jepesi. Mmoja wa waliomsema ni Karl Jobst wa Australia, mtu mwenye wafuatiliaji wengi, anayetengeneza video za kufichua udanganyifu kwenye gemu. Mwaka 2021 alitoa video iliyodokeza kwamba kesi ya Mitchell dhidi ya kijana mmoja mtengeneza video ilichangia kifo cha kijana huyo aliyejiua. Mitchell akamshtaki. Wengi waliofuatilia kesi walidhani kinachoamuliwa ni kama Mitchell alidanganya kwenye Donkey Kong. Hapana. Kilichoamuliwa ni maneno yale kuhusu kifo. Tarehe 1 Aprili 2025 mahakama ya wilaya mjini Brisbane iliyaona hayana ukweli, na Jobst akaamriwa kulipa fidia ya dola za Australia 350,000, mbali na riba na gharama.

Fikirieni mtu yule. Kazi yake ilikuwa kuwauliza wengine ushahidi. Siku moja akapata habari iliyomfaa, dhidi ya mtu ambaye kila mmoja alikwisha mchoka, akaitangaza kabla haijaiva. Ni ugonjwa ule ule wa 5.51, umegeuka upande tu: kule waliamini jema bila kukagua kwa sababu walimpenda mtu, huku liliaminiwa baya kwa sababu mtu hakupendwa. Hapa mtaani tunaufahamu vizuri. Taarifa kwamba fulani amekula fedha za kikundi inafika Tengeru kabla ya daladala.

Nimesema kikundi kwa makusudi. Vikundi vingi vya hisa huku kwetu vinaanza vizuri sana. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa wanachama watatu wasio wa nyumba moja, na fedha zinahesabiwa juu ya meza kila mtu akiona. Mwaka wa kwanza hakuna anayechoka. Kisha siku moja mtunza ufunguo mmoja anasafiri na anamwachia mweka hazina ufunguo wake. Siku nyingine mvua inanyesha, watu wanataka kuwahi nyumbani, na anayesoma kitabu anasema, "Fedha zipo, mama amekwisha zihesabu." Wote wanaitikia, kwa sababu mama huyo ni mwaminifu kweli. Ndiyo dalili yenyewe. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, ila kuanzia siku hiyo kikundi kinaendeshwa kwa picha iliyotumwa kwa posta. Siku fedha zikipungua, hata kwa kosa la kujumlisha tu, mama yule hatakuwa na kitu cha kumtetea isipokuwa sifa zake, na sifa hazihesabiki mezani.

Dalili nyingine tunazozipuuza zinafanana na hizi kwa namna ya ajabu. Matokeo ya mtoto yanapanda kwa muhula mmoja kutoka mkiani hadi juu kabisa, nasi tunachinja mbuzi kabla ya kuliona daftari. Muuza mbegu anatuambia mahindi yake yanazaa mara nyingi kuliko ya jirani yeyote, nasi tunamsifu badala ya kuuliza shamba liko wapi. Mtu anatuonyesha karatasi yenye mihuri, nasi tunahesabu mihuri.

Na kukagua hakumpunguzii mtu heshima. Mwanariadha Eliud Kipchoge alipokimbia maratoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, dunia nzima ilimwona. Lakini alikuwa na wakimbiaji wa kumwongoza waliopokezana njiani, na hayakuwa mashindano ya wazi, kwa hiyo haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Hakuna aliyempenda Kipchoge kiasi cha kuomba kanuni ifumbe macho, na yeye mwenyewe hakuomba. Rekodi yake rasmi wakati ule ilibaki 2:01:39, ya Berlin mwaka 2018. Heshima yake haikupungua hata nukta moja.

Basi ndugu zangu, kikao kijacho cha kikundi chenu, ombeni sanduku liletwe mezani, funguo tatu zitoke mifukoni mwa watu watatu, na fedha zihesabiwe kwa sauti hadi shilingi ya mwisho, mvua inyeshe isinyeshe. Mfanye hivyo hata kama anayetunza sanduku ni mtumishi wa kanisa. Mfanye hivyo hata kama ni mimi.